Kipande Nilichookota Hekaluni

Xiu-yun, mbona hupokei simu? Basi soma tu.

Nimejifungia kwenye choo cha hekalu.

Mama yake Yong-sheng alikuwa anamuuliza mungu wa mtaa wao kama mimi nafaa kuolewa na mwanawe. Akarusha vile vipande viwili vya mti vya kumuulizia mungu. Mara mbili kimoja kililala bapa juu, kingine mgongo juu, yin na yang, yaani ndiyo. Mungu akakubali. Lazima zitimie ndiyo tatu, ikabaki moja tu!

Akarusha. Kimoja, mgongo juu. Kingine kikadunda hadi kwenye kiatu changu.

Nikakiokota. Xiu-yun, NIKAKIOKOTA. Nikamnyooshea kwa mikono miwili, kwa adabu, kama vile kaangusha kijiko.

Mama yake Yong-sheng akaruka: "Wee mtoto! Mungu hajamaliza kusema, umeshamziba mdomo?"

Wauza uvumba wakacheka. "Mkwe huyo! Atakufagilia mpaka madhabahu."

Yong-sheng akaniuliza polepole, "Kilikuwa kimelalaje?"

Nilikiona. Bapa lilikuwa juu. Ilikuwa ndiyo, naapa. Lakini anayetaka kuolewa ni mimi, nani ataniamini? Nikakimbia.

Sasa mama anagonga mlango. "Toka, mwanangu, sijakasirika. Tunarusha upya."

Upya! Na safari hii mungu akikataa je?

Hawawezi kurusha bila hiki kipande. Ninacho mimi. Nimekishika vilevile nilivyokikuta, bapa juu, na mkono umeanza kuchoka.