Peke Yake Dunguni

Garsen,
Jumapili.

Kwa kaka yangu mpendwa Gershom,

Pokea salamu zangu, wewe na wifi yangu Lavender pamoja na watoto. Ni matumaini yangu kwamba mko wazima na kuwa lile goti lako limepunguza kukusumbua. Mimi ni mzima, ila nimechoka. Shule zinakaribia kufungwa, joto la Garsen hulijui tena wewe mtu wa Mombasa, na karatasi za kusahihisha zimejaa hata kitandani. Mama anakusalimu sana. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu yako siku zote iko kwenye spika, na mambo haya si ya sebuleni.

Uliniagiza niende Golbanti nikamfungie Mama mizigo, ili ukija na gari mwisho wa mwezi umchukue akaishi kwako moja kwa moja. Ulisema mzee wa umri wake hawezi kuachwa peke yake sasa Baba hayupo, na kwamba watu watatusema. Nilikubali bila kubisha, maana kubisha nako kunataka nguvu. Basi nimekwenda na nimerudi. Mizigo sijafunga, na nakuomba usome hadi mwisho kabla hujakasirika, kwa sababu nakujua.

Wiki ile kabla sijaondoka nilikuwa nafundisha kidato cha kwanza maneno mawili ya Kiingereza ambayo wanafunzi huyachanganya kila mwaka, "alone" na "lonely". Niliwaeleza kama ninavyoeleza siku zote, kwamba la kwanza linahesabu watu tu, yaani hakuna mwingine karibu nawe, na la pili ni habari za moyo. Kisha nikawataka watunge sentensi. Binti mmoja wa Kiorma, Ikran, akasema akichunga ndama wa kwao tangu asubuhi mpaka jioni huwa "alone", lakini "lonely" amekuja kuijua hapa bwenini, kwenye vitanda vilivyobanana. Darasa likacheka. Nikamwambia amepata, nikaendelea na somo. Mwalimu aliyechoka hamwulizi mtoto ana nini, na hilo bado linanisumbua.

Golbanti sikumkuta Mama nyumbani. Mpunga umeanza kukomaa, kwa hiyo kutwa yuko shambani anaamia ndege wasiule. Nilimfuata, nikapanda lile dungu lake la miti, likalia chini ya uzito wangu, naye akanicheka kwamba kumbe chaki inanenepesha. Nadhani umesahau, kaka, jinsi kazi ile inavyokwenda. Kila mama yuko juu ya dungu lake, mbali na mwenzake. Asubuhi, ndege hawajashuka, wa kwanza hupaza sauti kumwita jirani yake kwa jina. Yule huitika, kisha naye humwita wa mbele yake, hivyo hivyo hadi sauti inapotelea upande wa mto. Hapo ndipo wanaanza kupiga madebe na kurusha udongo kwa kombeo, na katikati ya kelele hizo wanaulizana nani amejifungua na mkwe wa nani ni mvivu. Mama alinieleza kwamba majuzi aliamka na homa asiende shambani. Jina lake lilipoitwa bila kuitikiwa, wenzake wakashuka wote, mpunga wakawaachia ndege, wakaja kumtazama. Mama Joy akapika uji. Batula, yule jirani wa Kiorma anayemletea maziwa na kuchukua ndizi, alikaa naye mpaka jasho likamtoka.

Hapo nikaelewa yaliyotokea mwaka jana Mama alipokaa kwako. Unakumbuka ulinipigia kwa hofu ukasema Mama ameharibikiwa akili, kila alfajiri anasimama kwenye roshani ya ghorofa na kupiga makelele, majirani wanalalamika, na daktari haoni ugonjwa. Mimi nami niliamini. Kumbe alikuwa anaita. Ameniambia aliita siku baada ya siku, akidhani labda watu wa mjini huchelewa kuamka, mwisho akaacha. Hakukulaumu. Alisema nyumba yako ni nzuri na wifi hakumkosea hata neno moja. Lakini wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, naye mpaka anaondoka kwenu hakupewa hata ufagio. Alikuwa akikalishwa mbele ya televisheni kama chombo cha thamani, huku kila mtu akipita na simu yake. Nililia palepale dunguni, kaka, wala sikuona haya.

Sasa nikuungamie jambo. Usidhani nilikwenda kule kwa nia safi. Njiani nilikuwa nimekwisha kupanga kumshawishi asije kwako, aje kwangu. Tangu mume wangu Nicholas ahamishiwe kazi Turkana na simu zake zikawa chache, nikitoka shuleni nafungua mlango na kuwasha redio ili nyumba iwe na sauti. Mtaa mzima wananisalimu, wananiita Mwalimu, na sidhani yuko anayejua jina langu. Nilitaka nikirudi nimkute mtu ndani. Kwa hiyo nilimwomba Mama tuondoke pamoja, nikasema ni kwa ajili ya usalama wake, nikataja mafuriko na viboko.

Alirusha udongo kwa kombeo lake. Kisha akasema anatuonea huruma sisi wawili. Akanieleza kwamba ulipokuwa ukirudi kutoka kazini ulikuwa unakwenda kukaa kando ya kitanda chake, unamsimulia mambo yako mpaka usingizi unakuchukua hapohapo na viatu miguuni, na kwamba siku anaondoka watoto walicheza tu, aliyelia ni wewe. Akasema hakuna kati yetu anayemtafutia yeye mtu wa kukaa naye, kila mmoja anajitafutia mwenyewe, na yeye ni mmoja.

Kwa hiyo Mama haji kwako wala kwangu, na hilo nimelikubali. Shule zikifungwa nakwenda Golbanti nikae naye likizo nzima. Nimeshamwambia siendi kumtunza, nakwenda kutunzwa, akasema ajuaye kulala aje na mkeka wake. Na wewe kaka, gari lako lilete wewe na nguo zako, hata kama ni kwa siku chache. Kabla ya hapo nina swali ambalo sijawahi kukuuliza katika maisha yetu yote, na nakuomba usinijibu kwa simu. Huko kwako, katika watu wote hao, una nani wa kuzungumza naye? Mimi huku sina.

Nisalimie wifi na watoto, na uwaambie shangazi yao anawakumbuka. Mungu akulinde.

Ni mimi mdogo wako,
Rachael.