Siku Mama Alipowaita Wote Dunguni

Mume wangu, mjukuu wangu Hamisi,

Salamu zikufikie huko Dar kutoka Mahege. Huku wazima, mbuzi wa mjomba wako kazaa mapacha, na mvua imeanza kunukia.

Umeniuliza: ukubali benki ikulipie madeni yote ubaki na mkopo mmoja mrefu, au uwaombe wakopeshaji wakupangie marejesho upya? Mimi mambo ya benki siyajui. Nalikumbuka dungu letu la bondeni, kibanda cha miguu mirefu, maji ya mto yakipita chini yetu polepole kama yanaota.

Mwaka mmoja, nikiwa msichana, mafuriko yalibeba mbegu za mpunga alizokopa mama yangu kwa majirani watatu, kila mmoja asijue habari za mwenzake. Akaja mfanyabiashara: atawalipa wote, ila mpunga wa misimu miwili uwe wake. Mama aliyatazama maji mpaka jua likapoa. Kisha akanituma niwaite wale watatu.

Walikuja kwa mitumbwi. Walipopanda, dungu liliyumba, wakashikana, wakacheka. Mama akasema, "Nyote mnanidai, na leo sina kitu."

Bi Tatu, mkali kuliko wote, akauliza, "Kumbe tuko wengi?" Wakapangana palepale nani alipwe kwanza, nani asubiri.

Benki huenda ikakufaa, sijui. Lakini kabla hujatia saini, kawaone wanaokudai, hata hao wa kausha damu wenye riba ya kunyonya.

Mama aliogopa dungu litaanguka. Mpaka leo nikifumba macho naliona linayumba, na limewabeba wote.

Mkeo mzee,
Bibi Siwema