Unga wa Bwana Shuaib

Khairiya, Bi Huwaida jirani asema eti mama amepata saratani ya utumbo kwa sababu nilimpeleka kupimwa! Eti kamera ya kupimia utumbo imeuamsha ugonjwa. Kamera!

Nikamuuliza, "Nani kakwambia?"

"Bwana Shuaib."

Shuaib yule yule! Mwaka mzima mama akitoka damu chooni, yeye akimuuzia unga wake wa dawa. "Bi, ni bawasiri tu, usijifedheheshe hospitali."

Usijifedheheshe! Daktari asema tungewahi, kile kinyama kilichoota utumboni kingetolewa siku moja, akarudi nyumbani.

Nangoja arusi ya Hadil, wanawake wote wakiwapo, wamsikie Shuaib kwa mdomo wake.

Ile sauti aliyomtumia mamako, akimkataza kupimwa, unayo kwenye simu. Nitumie.

Najua ni ami yako. Lakini mamako naye atoka damu.

Khairiya? Mbona wasoma tu, hujibu? Nitumie.