Niliyaonja Bila Imani, Yakawa Matamu

Wewe uliyefika hapa, nakuomba kwanza: usimsomee mtu maneno haya kwa sauti, usiyatume popote, usiseme hata kwamba umeyaona. Sijaandika jina langu wala la mtu mwingine. Lakini Gitega ni mji mdogo kwa anayetafutwa, na ninayemwogopa zaidi hupita mbele ya meza yangu kila siku.

Jumatatu. Mvua inanyesha tangu alfajiri, na ofisi nzima inanuka makoti mabichi. Naandika saa ya chakula, wenzangu wametoka.

Mama yangu anakaa Muyinga. Tulirudi kwetu pamoja kutoka Tanzania, nilikokulia. Mimi nikapata kazi ya ukarani hapa, yeye analima maharage kule. Ana ugonjwa wa sukari. Kila siku anajichoma sindano, na dawa anaihifadhi katika chungu kilichozungushiwa mchanga mbichi, kwa kuwa hatuna friji.

Tangu Jumamosi hajajichoma.

Na sababu ni mimi.

Kuna mtu tunayemwita Mtumishi. Anaishi hapa Gitega, na Jumamosi huenda Muyinga kuongoza sala katika nyumba ya kupanga. Mama husali kwake. Shefu wangu wa kazi ni mzee wa kanisa hilo, na ndiye anayemwendesha. Safari hii walinipa nafasi garini nikamwone Mama. Nilidhani ni wema. Sasa najiuliza kwa nini walinitaka pale.

Kwenye sala Mtumishi alisimama na jagi la maji.

"Haya ni maji ya hukumu," alisema. "Mwenye imani atayaona matamu. Mwenye mashaka yatamchoma ulimi kwa uchungu, na hukumu itamfuata hadi kitandani."

Watu walikunywa mmoja mmoja. Kila mmoja akasema, matamu! Wengine walilia kwa furaha. Mimi nilikaa nyuma, na nakiri mbele za Mungu, sikuwa na chembe ya imani kwa mtu yule. Niliomba tu zamu yangu isifike.

Mama alikuwa kwenye mkeka na miguu imemvimba, kwa hiyo Mtumishi alinipa mimi kikombe nimpelekee. Hapo ndipo nilipokosea. Kwetu humpi mtu kinywaji kabla hujakionja mbele yake, ajue hakina sumu. Hata maji ya mtungi tunafanya hivyo kwa mkubwa. Mkono wangu haukuniuliza. Nilionja, kisha nikamnyooshea Mama kikombe kwa mikono miwili.

Watu wote wakanigeukia.

"Yakoje, kijana?" Mtumishi akauliza.

"Matamu," nikasema. Kwa sababu yalikuwa matamu.

Ikawa vigelegele. Shefu alinikumbatia mpaka miwani ikanidondoka. "Alors! Mi nilikuwa nasema we iko mtu wa makaratasi tu, kumbe iko na moto ndani!" Mama akacheka, akawaambia wanawake wa jirani, "Huyu nilimzaa mwenyewe, msidhani nilimwokota." Kisha akanywa chote.

Alikunywa kwa sababu mwanawe alionja.

Mtumishi akamwambia kwamba sindano ni sanamu yenye ncha, achague atakayemtumikia. Akampa dumu la maji yale, anywe kila akisikia kiu. Na ugonjwa wa Mama, anayeujua anajua, kazi yake ni kuleta kiu.

Njiani kurudi ladha ilikuwa bado kinywani. Niliitambua tulipokuwa tunapanda milima, Mtumishi akisinzia kiti cha mbele. Ni sukari. Sukari ya kawaida, hii hii ya chai yetu ya ofisini.

Tangu hapo nawaza jambo moja. Mtumishi alisema asiyeamini atayaona machungu. Mimi sikuamini, nikayaona matamu. Basi aliyesema uongo ni mmoja, na Mungu hasemi uongo.

Labda chumba kizima kilijaa wenye mashaka kama mimi, kila mmoja akishangaa kimya kimya kwamba kumbe ana imani. Hakuna aliyedanganya. Kila mmoja alisema kweli yake, na kweli zetu zote pamoja zikambebea yule mtu uongo wake.

Je, shefu anajua? Asubuhi ameniwekea chupa ya maji yale mezani. "Kunywa, mon petit, kijana wangu. Uso wako iko kama mtu hajalala." Alisimama mlangoni akingoja ninywe. Nilinyanyua chupa, nikalowesha midomo, nikatabasamu. Sijui kama alikuwa ananihurumia au ananipima.

Kisha Mama akapiga simu.

"Mwanangu, nakojoa kila saa, macho yanaona ukungu. Mtumishi kasema kwa simu ni uchafu unatoka."

"Mama, jichome sindano. Leo. Sasa hivi."

"Nijichome tena? Si wewe ndiye uliyeonja?"

Nilitaka kumwambia ni sukari. Neno moja tu. Lakini shefu alikuwa bado mlangoni, nikasema, "Tutaongea baadaye, Mama." Toka hapo namba yake haipatikani.

Nilimwogopa mtu mwenye ufunguo wa ofisi kuliko Mwenye pumzi ya mama yangu.

Hukumu ipo. Nimeijua tangu nikiwa mtoto na siifanyii mzaha. Maandiko yanasema inaanzia nyumbani mwa Mungu. Ndiyo maana natetemeka. Anayetisha watu kwa jina la Bwana ambaye hakumtuma atalitolea hesabu jina hilo. Lakini na mimi niliyeonja nikanyamaza, nitasimama upande gani?

Watu husema kesho nayo ni siku. Kwa Mama sina hakika nayo. Naondoka sasa, bila ruhusa, kabla shefu hajarudi kutoka kula. Nitapiga magoti kwenye mkeka wake na kumwambia: niliyaonja bila imani, Mama, yakawa matamu. Nitakoroga sukari katika maji ya kisima mbele ya macho yake, aguse kwa ncha ya ulimi tu, ajue. Kisha dumu nitalimwaga uani, majirani wakiona, na yeye nitampeleka hospitali hata kwa baiskeli.

Ukinitafuta, usiulize ofisini, wala usitaje kwamba umesoma hapa. Panda gari la Muyinga, shuka sokoni, uulizie mama ambaye mwanawe alimwaga maji ya Mtumishi. Kufikia jioni watakuwa wanamjua. Mlango ukiwa umefungwa, tuko hospitalini. Ukiwa wazi, zunguka upande wa jikoni, ubishe hodi. Tutakupa kinywaji. Kabla hujakigusa nitakionja mbele yako, na safari hii nitakuambia ni nini.