Wimbi Nililolizima

Shauri Moyo, Jumatatu

Sylvance,

Nani alikufundisha kuhama kwa nyanya yako bila kuaga, kama mgeni aliyevunja sahani? Jirani yetu Mama Celine amejifungua msichana. Maji yamerudi.

Sasa sikiza. Siku tatu uliitegea amplifaya ya kanisa ile mashine yako inayochora mawimbi ya umeme, ukisubiri kuona kinachoikatakata sauti. Siku ya tatu ukiwa nje, mchoro ulisimama tuli kwenye kioo. Nikadhani mashine imekwama, nikaing'oa kwenye soketi nipige pasi kitambaa cha kanisa. Uliporudi ukauliza, "Nyanya, stima ilipotea?" Nikasema ilipotea.

Juzi fundi Chege aliniambia mchoro ukisimama hivyo, mashine imeshanasa kosa. Ulikuwa umelipata, mimi nikalifuta nilipoizima. Wazee wa kanisa waliposema wewe ndiwe uliyeharibu amplifaya, nilikaa benchi la mbele nikanyamaza, kitambaa kimenyooka kichwani. Nimelichafua jina lako la ufundi, na jambo hilo linaniuma.

Jana niliwaambia wazee hao ukweli wote, wakiwa wamesimama mlangoni mwa kanisa.

Ijumaa rudi na hiyo mashine. Itege upya kanisani mbele yao, na mtu yeyote asiiguse, hata mimi.

Nyanya yako,
Phelister