Gemu Ndani ya Kisanduku cha Sabuni

Daudi, Jumamosi

Limewaka! Naandika haraka, sijui hata kama nitaweza kuusoma mwandiko huu kesho.

Kioo na saketi ni za gemu bovu nililonunua mnadani, vitufe nimeving'oa kwenye kikokotoo, na vyote vimeingia kwenye kisanduku cha plastiki cha sabuni. Nyaya nimeziunga kwa msumari wa moto. Kilichokosekana ni betri, na nyumbani betri ni za redio ya baba.

Nilizichukua akiwa zizini, nikazipasha karibu na mafiga kama tunavyofanya zikichoka. Nilitaka kuzirudisha kabla ya taarifa ya habari. Lakini matofali ya gemu yakaanza kushuka kwenye kioo, nikasahau kila kitu.

"Nani kaua redio?" Baba, mlangoni.

Mimi hata shikamoo yake huitoa nikiangalia chini. Nikamnyooshea tu kisanduku, nikijua kinaenda motoni.

Akakigeuzageuza. "Hiki ndicho kinachokula betri zangu? Na haya yanashuka kwenda wapi?"

Akabonyeza. Tofali refu likaja limelala vibaya, na mimi, mimi huyu, nikapiga kelele: "Zungusha, baba! Zungusha, utakufa!"

Mama akaacha kusonga ugali.

Baba akazungusha.

Habari zilipita bila kusikilizwa. Kesho betri zitakuwa zimekwisha na sijui atasemaje. Ila kabla ya kulala ameniuliza kama kitufe cha kushoto hakiwezi kulegezwa kidogo.