Uyoga wa Mama kwenye Meza ya Noeli

Goma, Mabanga

Yaya Paluku, kaka yangu mkubwa,

“Ng'ombe aliyekwisha kuchinjwa hana mwenyewe tena. Ni nyama tu, na mwaka huu nyama imeshuka bei. Kulisha wageni uyoga siku ya Noeli ni ubahili.” Hayo ni maneno yako. Ulinipigia kelele nayo kwenye simu uliposikia tulichokula Noeli, mpaka mtandao ukakatika kabla sijafungua kinywa. Nakujibu kwa karatasi, kwa sababu karatasi huwezi kuikatiza.

Lakini kwanza tusalimiane kama watu wa tumbo moja. Miguu ya Mama inaendeleaje na baridi ya Butembo? Watoto wako wazima? Sisi tungali hai. Siku nyingine mabomu yanasikika, siku nyingine kimya, nasi tumezoea kulala hivyo hivyo. Barua hii anaibeba mama mmoja mfanyabiashara anayezunguka kwa njia ya Uganda, maana barabara yetu bado imefungwa.

Unajua tumempokea Mama Riziki, aliyekimbia vita huko Masisi pamoja na watoto wake. Yeye na mume wake walipotezana njiani, na mpaka leo hana habari zake. Tangu afike kwetu alikataa kukaa mezani. Alingoja tumalize, kisha akala nje na watoto, juu ya mawe meusi karibu na jiko. Mke wangu Kavira alimbembeleza mpaka akachoka. “Mie sikai mezani ya watu wenye wananilisha bure,” ndilo lilikuwa jibu lake kila mara. Noeli ikakaribia, nasi tukawa na aibu ya kusali pamoja na mtu ambaye hatuli naye pamoja.

Basi nikaenda sokoni Birere kutafuta hiyo nyama yako ya bei ndogo, na Mama Riziki akanisindikiza. Mchinjaji alituita kutoka mbali: “Papa mukubwa, karibu! Hii ni ya leo, ingali na moto!” Kichwa cha ng'ombe kilikuwa pembeni ya meza. Mama Riziki akasimama. Akanyoosha mkono, akalishika sikio na kulikunjua. Ukingoni mwake kulikuwa na mikato miwili ya zamani, iliyokwisha kupona.

“Huyu ni Sifa,” akasema.

“Sifa ni nani?” mchinjaji akauliza.

“Ngombe yangu. Bwana yangu ndiye alimukata sikio. Nilikuwa namukamua asubui na magaribi.”

“Eh, mama! Sasa ngombe nayo iko na karte ya uchaguzi ya kuonyesha jina yake?”

Watu wakacheka. Yeye hakulia wala hakugombana. Alilipangusa vumbi sikio lile kwa pindo la kikwembe alichojifunga, akalipapasa kama anavyopapasa shavu la mtoto, kisha akaniambia, “Papa, tuende.” Kicheko kikakatika. Hata mchinjaji aliinamisha macho.

Yaya, nimeuona mlima huu ukitema moto juu ya mji. Nimeona mitaa mizima ikitembea na magodoro kichwani. Lakini hakuna kilichonishinda kama mkono ule juu ya sikio lile.

Sasa niambie tena kwamba hana mwenyewe! Unafikiri kwa nini bei imeshuka? Je, ng'ombe wamezaa mapacha? Wamenyang'anywa milimani kwa bunduki, wakauzwa, wakauzwa tena, na kila mnunuzi anajitetea kwamba si yeye aliyeshika bunduki. Mali ya wizi haitakaswi kwa kupita mikononi mwa watu wengi. Inaongeza wezi tu.

Tukarudi mikono mitupu, na Kavira akaitisha baraza jikoni. Nani atashibisha nyumba nzima bila nyama? Nikataja sombe, majani yetu ya muhogo. “Sombe ni ya kila siku,” Kavira akasema. “Noeli itajua namna gani kama imefika?” Binti yetu akataja mishikaki ya maharagi ya soja. Nikakataa kwa ukali: sitaki chakula kinachojifanya nyama, kama mtu anayeomba msamaha kwa kuwapo. Nikataja kabichi, wakanicheka wote. Ndipo Mama Riziki akainua macho kwenye gunia lililoning'inia juu ya moshi, la uyoga mkavu ambao Mama alitutumia kutoka Butembo kabla barabara haijafungwa. “Ule uyoga munautunzia nani?” akauliza. “Muniachie mie jiko.”

Aliuloweka. Akaponda maharagi, akayachanganya na ndizi za kupika na karanga za kutwanga, akatia mawese na uyoga, akafunga yote katika majani ya mgomba, mzigo mmoja mkubwa kama mtoto mchanga, na kuupika kwa mvuke tangu tulipokwenda misa mpaka tuliporudi.

Kavira akatangaza kwamba aliyefunga ndiye atakayefungua, tena mezani. Mama Riziki akayakunjua majani. Mvuke ukapanda, na harufu ikawa ya msitu wa kwetu baada ya mvua. Mimi, ambaye hata padri akihubiri namtafutia kosa, nilisogeza sahani yangu karibu. Jirani yetu Papa Deo, aliyekuja “kusalimia tu,” alipakuliwa, akaongeza, akaongeza tena, kisha akafukua sahani yake: “Nyama gani hii haina mufupa?”

Mama Riziki akamgawia kila mtu. Alipomaliza akakitazama kiti tulichomwekea, akakaa, akacheka kwa mara ya kwanza nyumbani mwetu.

“Leo ni mie nimewalisha,” akasema.

Mpe Mama shukrani zetu, umwambie gunia lake limekwisha na limefanya kazi ambayo maneno yetu yalishindwa. Msalimie shemeji kwa uvumilivu wake juu yako, na shangazi anayetuombea kila asubuhi.

Nawe, yaya, pamoja na wenzako wa soko la ng'ombe huko: najua Mwaka Mpya mtaletewa wanyama wa bei ya ajabu. Kabla hujatoa pesa mfukoni, kamata sikio la ng'ombe, ulikunjue, umuulize muuzaji ni nani aliyelikata. Akikosa jibu, mwache aende naye.

Mdogo wako asiyekupigia kelele, ila anakungoja ujibu,
Kasereka